Tusajili chama chetu, au tubaki kundi la shinikizo?

Swali: Mimi ni mama wa mtoto kiziwi, mkazi wa Nakuru. Tumeungana vikundi kadhaa vya wazazi na watu wenye ulemavu kutoka kaunti tofauti. Dai letu ni moja: kila hospitali ya umma iwe na mkalimani wa lugha ya ishara. Tumechoka na ahadi za kila baada ya miaka mitano. Baadhi yetu wanataka tusajili chama chetu wenyewe kabla ya uchaguzi wa 2027, wengine wanasema tutapoteza pesa na kura. Je, chama kidogo chenye ajenda moja kimewahi kubadili chochote? Na sisi tufanye nini?

Jibu: Dada, pole kwa mahangaiko, na hongereni kwa kuwaketisha watu wa kaunti tofauti meza moja. Kuna vyama vikubwa vyenye pesa ambavyo hilo huwashinda.

Nikujibu moja kwa moja. Ndiyo, vyama vidogo vya ajenda moja vimewahi kubadili mambo, na kimojawapo kilibadili mwelekeo wa taifa zima. Ila vilivyofaulu havikufaulu kwa kuzoa viti. Vilifaulu kwa sababu kulikuwa na mwanasiasa mkubwa aliyeogopa kuzikosa kura zao. Kwa hiyo kabla hamjauliza mtapata viti vingapi, ulizaneni ni nani atakayekosa usingizi watu wenu wakimhama. Kwa sheria ya Kenya ilivyo, na kwa dai lenu lilivyo, ushauri wangu ni kwamba msisajili chama. Lakini wenzako wanaokitaka wana hoja, na nitaijibu kwa mifano ili mkaijadili vizuri mkutanoni.

Tuanze Uingereza. Chama cha UKIP kiliundwa mwaka 1993 kikiwa na dai la nchi kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Katika uchaguzi mkuu wa 2015 kilipata kura karibu milioni 3.9, yaani asilimia 12.6, na kikaambulia kiti kimoja tu, cha Clacton. Mwaka huo huo chama cha Scotland, SNP, kilipata kura chini ya milioni 1.5 na kuondoka na viti 56. Kura za SNP zilirundikana Scotland, za UKIP zilitapakaa kila mahali. Na Uingereza, kama kwetu, kiti huchukuliwa na anayeongoza katika eneo bunge, wa pili harudi na kitu nyumbani. Ukihesabu viti, UKIP ilianguka vibaya. Lakini kufikia siku hiyo ilikuwa imeshapata ilichokuwa ikikitafuta. Januari 2013 Waziri Mkuu David Cameron alikuwa ameahidi kura ya maoni, na moja ya sababu kubwa ni kwamba wabunge wa chama chake cha Conservative waliona wapiga kura wao wenyewe wakihamia UKIP. Juni 2016 kura ikapigwa, asilimia 51.9 wakasema nchi itoke. Mwaka uliofuata UKIP haikufikisha hata asilimia 2.

Sitaki kujadili hapa kama uamuzi ule ulikuwa mzuri au mbaya kwa Waingereza. Ninachotaka mkitazame ni kura zile zilitoka wapi. Wengi waliohama walitoka katika nyumba ya Cameron. Wangekuwa watu ambao hawakumpigia hata siku moja, na wala hawakutarajiwa kumpigia, asingejisumbua.

Kuna mfano mwingine wa huko huko Uingereza unaofanana zaidi na jambo lenu, kwa kuwa nao ni wa hospitali. Kidderminster ni mji uliojulikana kwa viwanda vya mazulia. Mwaka 2000 hospitali ya mji huo ilifungiwa kitengo chake cha dharura, wagonjwa wakawa wanapelekwa miji mingine. Wakazi waliunda chama kidogo, Health Concern, chenye ajenda ya hospitali yao. Walianza chini, kwenye viti vya baraza la wilaya. Mwaka 2001 wakamsimamisha ubunge Dakta Richard Taylor, daktari mstaafu aliyekuwa amefanya kazi katika hospitali hiyo hiyo. Alimshinda mbunge wa chama tawala, aliyekuwa pia waziri mdogo serikalini, kwa tofauti ya kura 17,630. Akachaguliwa tena 2005, na kwa miaka yote akiwa bungeni alikaa katika kamati ya afya, akiwahoji mawaziri ana kwa ana.

Walishinda kwa sababu waliokasirika wote waliishi eneo moja na walipiga kura kwenye masanduku yale yale. Hilo ndilo linalotakiwa pale mshindi anapochukua vyote. Lakini kitengo cha dharura hakikurudi kama kilivyokuwa. Mbunge mmoja, hata akipendwa namna gani, haidhinishi bajeti ya hospitali. Walimpata mtu wa kuwasemea, na hilo si dogo, ila kalamu ya kutia saini ilikuwa mkononi mwa mwingine. Kumbukeni hili tutakapofika Kenya.

Sasa Marekani, ambako kuna somo ninalolithamini kuliko yote, na nitakaa hapo kidogo. Chama cha Prohibition kiliundwa mwaka 1869 kupiga vita pombe. Kilisimamisha mgombea wa urais kila uchaguzi na hakikuwahi kufikisha asilimia 3 ya kura. Kilichokaribia zaidi kufanya ni kuwaharibia wengine: mwaka 1884 jimbo la New York, lililoamua urais, lilikwenda kwa Grover Cleveland kwa kura zisizofika 1,200, ilhali mgombea wa Prohibition alikuwa amepata kama 25,000 katika jimbo hilo. Walimuumiza James Blaine wa Republican, na bado pombe iliendelea kuuzwa.

Kisha mwaka 1893, Ohio, likazaliwa kundi lingine lenye dai hilo hilo, Anti-Saloon League. Hili lilikataa kuwa chama. Halikusimamisha mgombea wake, halikujali mtu ni Republican au Democrat, halikuuliza hata kama mwanasiasa mwenyewe anakunywa. Liliuliza atapigaje kura bungeni. Lilifanya kazi kupitia makanisa, likawajua wapiga kura wake kwa majina, na lilikuwa tayari kuwahamisha wote kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa uchaguzi mmoja tu.

Mwaka 1905 lilimchagua mtu wa kumtolea mfano. Gavana wa Ohio, Myron Herrick wa Republican, alikuwa ameulegeza muswada wa vita dhidi ya pombe. Alikuwa tajiri, na chama chake kilikuwa na nguvu katika jimbo. Ligi ikamgeuka na kumuunga mkono mpinzani wake wa Democrat, John Pattison. Herrick akaanguka. Lakini naibu gavana aliyechaguliwa siku hiyo hiyo alitoka chama kile kile cha Herrick! Maana yake wapiga kura hawakukichoka chama. Walikuwa wamemwondoa mtu mmoja kwa sababu moja, na kila mwanasiasa wa Marekani aliyesoma matokeo yale alielewa. Januari 1919 marufuku ya pombe ikaingia katika katiba ya Marekani. Ilifutwa 1933, na mimi si mmoja wa wanaoisifu, lakini kama kazi ya kushinikiza sijaona iliyoizidi.

Nchi ile ile ina mfano wa kutisha pia. Mwaka 1844 chama cha Liberty, kilichotaka utumwa ukomeshwe, kilipata kura kama 15,800 New York. Henry Clay alilipoteza jimbo hilo kwa kura kama 5,100, na urais ukamponyoka. Clay mwenyewe alimiliki watumwa, hakuwa rafiki wa kweli. Lakini aliyeshinda, James Polk, ndiye aliyekuwa na shauku ya kuiingiza Texas, na Desemba 1845 Texas iliingia kama jimbo la utumwa. Watu waliopiga kura kwa dhamiri safi kabisa walisaidia kuleta walichokichukia. Wenzako wanaotaka chama wanapaswa kulitafakari hili kwa uzito: mkichukua kura, mtazichukua kwa nani? Mara nyingi utazichukua kwa yule aliye karibu nawe zaidi.

Huenda umesikia habari za Uholanzi, ambako chama cha kutetea wanyama kina wabunge tangu 2006. Ni kweli. Kilianza na viti 2, mwaka 2021 kikafika 6, baadaye kikashuka hadi 3. Viongozi wake wamejilinganisha na yule mkimbiaji wa marathoni anayetangulia kuweka kasi ili wakubwa wamfuate, na sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa kazi ya mkimbiaji huyo. Vyama vikubwa vya Uholanzi kweli vilianza kuandika habari za mifugo kwenye ilani zao. Lakini Uholanzi nzima ni kama eneo bunge moja la viti 150; ukipata kura hata asilimia 0.7 nchi nzima unapata kiti. Kwetu asilimia hiyo haikupi chochote. Ndiyo maana mifano ya Uholanzi huwapotosha watu wetu wengi wenye nia njema.

Tuje Kenya.

Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inataka chama, ili kisajiliwe kikamilifu, kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 waliojiandikisha kama wapiga kura katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti. Hizo ni kaunti 24, watu 24,000, pamoja na ofisi za matawi huko kote, na usajili wa muda unakupa siku 180 tu za kukamilisha. Hebu fikirieni nauli, kodi za ofisi, na miezi ya kazi ya watu wenu bora ikiishia kwenye fomu za Msajili wa Vyama. Ndiyo sababu vyama vya mkobani, vyenye cheti lakini visivyo na wafuasi wa kweli, vimejaa nchini: kusajili ni ghali, na aliyekwisha kusajili hutafuta wa kumuuzia.

Mtego wa pili wengi hawauoni. Mnajua katiba imetenga viti: 12 vya kuteuliwa katika Bunge la Taifa kwa ajili ya makundi maalum, viwili katika Seneti kwa watu wenye ulemavu, mwanamume na mwanamke, na vingine katika mabunge ya kaunti. Wenzako huenda wanasema chama chetu kitapata hivyo. Lakini kifungu cha 90 kinavigawa kwa uwiano wa viti ambavyo chama kimeshinda, hakihesabu kura. Chama kisichoshinda wadi hata moja hakipati kiti cha kuteuliwa katika bunge la kaunti, hata kingekuwa na kura 100,000 zilizotawanyika. Na watu wenu wametawanyika. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu, wa umri wa miaka 5 na zaidi, na wapo kila kaunti. Hamna ngome, na chama kisicho na ngome katika mfumo wetu huishia pabaya.

Mwaka 2022 tulikiona Chama cha Roots cha Profesa George Wajackoyah. Bhangi ihalalishwe, iuzwe nje, deni la taifa lilipwe. Nchi nzima ilizungumza habari zake, vijana wakajaa mikutanoni, na kura zikawa 61,969, asilimia 0.44. Watu wanaoshangilia si wote wanaopiga kura, na hakuna mgombea mkubwa aliyeona ulazima wa kubadili sera yake.

Wangari Maathai naye ametuachia la kujifunza, na nalitaja kwa heshima kubwa. Aliuokoa Uhuru Park na jengo la ghorofa 60 lililopangwa 1989 bila chama. Alisimama kulinda msitu wa Karura bila chama. Mwaka 2002 aliingia bungeni kutoka Tetu kwa asilimia 98 ya kura, akiwa ndani ya muungano mkubwa wa NARC. Mwaka 2003 akaunda chama cha mazingira, Mazingira Green Party. Mwaka 2007 alishindwa katika mchujo wa PNU, muungano wa Rais Kibaki, akasimama kwa tiketi ya chama kidogo, na kiti kikaenda. Alikuwa tayari na tuzo ya Nobel. Kama jina lile halikuweza kukibeba chama kidogo hadi bungeni, sijui letu lipi litaweza.

Sasa matumaini yako wapi? Yako kwenye hesabu ndogo ndogo. Katika urais wa 2022, William Ruto alitangazwa na kura 7,176,141, asilimia 50.49. Katiba inataka zaidi ya nusu. Ukipiga hesabu, kura kama 70,000 tu zingetoka kwake kwenda kwa mwingine yeyote, tungerudi debeni duru ya pili. Kundi la watu 70,000 waliojipanga, ambao mgombea anajua kweli watamhama, lina uzito kuliko vyama kadhaa vya mkobani.

Lakini kwa dai lenu msianze na rais. Afya iligatuliwa. Hospitali nyingi za umma, ukiacha zile kubwa za rufaa za kitaifa, ziko chini ya kaunti. Anayepanga bajeti ya mkalimani hospitalini ni serikali ya gavana, anayeipitisha ni bunge la kaunti. Kwa hiyo mwenye kalamu ni gavana, kama alivyokuwa Herrick kule Ohio, na tunao 47. Kwa wastani watu wenye ulemavu ni zaidi ya 19,000 kwa kaunti. Mgawanyo si sawa, na wengi bado ni watoto, lakini kila mtoto ana mama, baba, shangazi, nyanya. Hizo ndizo kura zenu, na katika wadi ambako mshindi hupatikana kwa kura mia chache, zinaamua.

Ningekuwa katika kamati yenu, ningeanza na daftari. Jina, wadi, kituo cha kupigia kura, kama amejiandikisha au bado. Bila daftari hilo mtaingia ofisi ya mwanasiasa mkiwa na hadithi za kusikitisha, naye amezisikia nyingi, atatoa leso na ahadi. Mkiingia na majina ya wapiga kura 6,000 wa kaunti yake waliopangwa kwa wadi, mazungumzo hubadilika siku hiyo hiyo. (Majina yenyewe msimwachie, mwonyesheni jumla tu. Ni habari za siri za watu wenu.)

Dai lenu liandikeni kwa namna ambayo mtu hawezi kulikwepa. "Tunataka haki zetu" kila mgombea atalikubali. "Wakalimani wawili walioajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti katika kila hospitali ya Level 4 na 5, kabla ya mwisho wa mwaka wa kwanza" ni jambo la kusema ndiyo au hapana. Kifungu cha 54 cha katiba tayari kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, kwa hiyo hamwombi hisani. Wapelekeeni wagombea wote wa ugavana karatasi ile ile, watie saini, na majibu yasomwe makanisani, misikitini na kwenye redio za lugha za nyumbani.

Kisha teueni kaunti mbili au tatu, msizidi. Tafuteni gavana anayewania muhula wa pili, aliyeshinda kwa tofauti ndogo, na ambaye amelipuuza jambo hili. Huyo ndiye wa kushughulikia kwa nguvu zote. Akianguka, au hata akiponea chupuchupu, magavana wengine watawapigia simu wenyewe. Mkijigawa kaunti zote 47, hakuna atakayewahisi.

Vyama vikubwa navyo mna la kuviambia. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho 2022, asilimia 15 ya fedha za Hazina ya Vyama vya Siasa hugawanywa kulingana na wagombea wa makundi maalum waliochaguliwa kupitia chama. Mwanamke au mwanamume mwenye ulemavu akishinda wadi kwa tiketi ya chama fulani, anakiletea chama hicho pesa. Wenyeviti wa vyama vya kaunti wengi hawalifikirii hili, waelezeni. Na kwenye orodha za uteuzi, piganieni nafasi ya mtu wenu kwenye orodha. Kuwekwa jina chini kabisa ni sawa na kutowekwa, na ndiko wanakowaweka wasio na wa kuwatetea.

Mwanachama wenu akitaka kusimama, mgombea huru anaruhusiwa, mradi asiwe amekuwa mwanachama wa chama chochote katika miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Wengi wamejikuta wameandikishwa vyamani bila kujua, kwa hiyo kila mmoja aangalie jina lake kwenye eCitizen mapema na ajitoe kama hakuridhia. Viongozi wa muungano wenu wasigombee wala wasipokee pesa za kampeni za mtu. Siku kiongozi wenu atakapoonekana jukwaani amevaa fulana ya chama, daftari lenu litakuwa limepoteza thamani kwa pande zote mbili.

Na msingoje Agosti. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, lakini makadirio ya bajeti ya kaunti ya 2027/28 yanatakiwa yafike bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na waraka wa mkakati wa fedha unaotangulia hufika kabla ya mwisho wa Februari. Kote huko sheria inataka wananchi washirikishwe. Gavana anayeomba kura miezi michache baadaye hatapenda kuonekana akiwafukuza wazazi wa watoto viziwi kwenye ukumbi wa bajeti. Nendeni Februari, na mkalimani wenu, na karatasi yenu, na muulize fungu la mishahara ya wakalimani liko ukurasa gani.